Ligi ya hoki ya Weusi Kanada: mwanao yuko sahihi, ila lile la shuti alishike kwa tahadhari

Swali: Mama mmoja anayeishi Edmonton ametuandikia hivi: "Mwanangu wa miaka 12 anacheza hoki ya barafu na anaandaa wasilisho la shule. Amewaambia wenzake kwamba Weusi wa Kanada walikuwa na ligi yao kabla hata ya NHL, na kwamba ndio waliobuni lile shuti kali la kuinua gongo. Kocha wake anasema Mweusi wa kwanza alikuwa Willie O'Ree mwaka 1958, mengine ni hadithi. Nani mkweli? Na kama walikuwepo, walipotelea wapi miaka yote hiyo?"

Jibu:

Dada, mwanao na kocha wake wanazungumzia mambo mawili tofauti. O'Ree ndiye Mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Kanada na Marekani, usiku wa tarehe 18 Januari 1958. Ligi anayoitaja kijana ilianza Halifax, jimbo la Nova Scotia, mwaka 1895. NHL yenyewe iliundwa Montreal mwezi Novemba 1917. Kwa hiyo hesabu ya kijana imekaa sawa, miaka 22 inawatenganisha. La shuti ni la kwenda nalo polepole, nitalifikia.

Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, na jibu lake fupi ni barafu. Nani alishika ufunguo wa uwanja, aliufungua mwezi gani, na alimkodishia nani. Ukiifuata barafu utaielewa historia yote hii, kuanzia ligi ilivyoinuka hadi ilivyozimwa.

Tuanze na watu wenyewe. Weusi wa Nova Scotia si wahamiaji wa juzi. Mwaka 1783, vita vya uhuru wa Marekani vilipokwisha, Weusi wapatao 3,000 walioahidiwa uhuru na ardhi kwa kuwa upande wa Waingereza waliletwa huko. Ardhi wengi hawakuiona, au walipewa mawe na vichaka, na mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao walipanda meli kwenda Sierra Leone. Wengine walibaki. Baada ya vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza wakaja wengine kama 2,000, wengi wao wakitoroka utumwa. Hawa ndio waliojenga vijiji kama Hammonds Plains na Africville, kando ya maji kaskazini mwa Halifax. Nguzo yao ilikuwa kanisa: mwaka 1854 mchungaji Richard Preston aliyaunganisha makanisa ya Kibaptisti ya Weusi katika umoja mmoja.

Ligi ilizaliwa humo humo kanisani. Wachungaji na wasomi vijana walitaka kuwavuta wanaume vijana kwenye ibada, wakaona chambo kizuri ni mchezo ambao jimbo zima lilikuwa na wazimu nao. Kati ya majina yanayotajwa katika kuiasisi yumo James A. R. Kinney, Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha biashara cha Maritime pale Halifax. James Robinson Johnston, aliyekuja kuwa wakili wa kwanza Mweusi wa jimbo hilo. Na Henry Sylvester Williams, Mtrinidad aliyekuwa akisoma sheria Chuo Kikuu cha Dalhousie. Huyu Williams msimpite haraka. Alihamia London, na Julai 1900 akaitisha huko mkutano wa kwanza wa Umajumui wa Afrika. Ndio mkutano uliotangulia mfululizo wote ule uliofika Dar es Salaam mwaka 1974. Si rahisi kuamini kwamba mtu huyo huyo ana mkono katika hoki ya barafu, lakini ndivyo anavyotajwa.

Timu zilikuwa Halifax Eurekas, Halifax Stanleys, Dartmouth Jubilees, Africville Sea-Sides, Truro Victorias, Amherst Royals, Hammonds Plains Moss Backs, na ng'ambo ya mlango wa bahari, katika kisiwa cha Prince Edward, West End Rangers wa Charlottetown. Waliofukua magazeti ya wakati ule wanahesabu wachezaji zaidi ya 400 kwa miaka yote. Hawakulipwa mishahara. Siku za kazi walikuwa vibarua na wapagazi kama majirani zao. Ratiba ya msimu kama ya leo haikuwepo: timu moja iliitolea nyingine changamoto, mara nyingi kupitia gazeti, wakapatana siku, wakakodi uwanja. Miaka ya 1900 hadi 1905 ndiyo iliyokuwa ya moto zaidi, na Wazungu walilipa kiingilio kuja kutazama.

Kukodi uwanja ndiko kulikokuwa kazi. Viwanja vya wakati huo vilikuwa mabanda makubwa ya mbao, na barafu yake ilikuwa ya asili. Mtambo wa kugandisha haukuwepo. Uwanja wa kwanza wa barafu ya kutengenezwa nchini Kanada ulikuja msimu wa 1911-12, tena upande wa pili wa nchi, British Columbia. Huko Nova Scotia ulimwaga maji sakafuni, ukaacha baridi ya usiku iyagandishe tabaka kwa tabaka, na barafu ikaishi kadiri baridi ilivyoishi. Barafu nzuri ni ya Januari na Februari. Ligi za Wazungu zilichukua miezi hiyo. Weusi walipewa uwanja ligi hizo zilipomaliza, mwishoni mwa Februari na mwezi Machi.

Picha ya Machi ni hii. Mchana jua linapiga paa, hewa ya bahari si kavu, na juu ya barafu kunakaa utando wa maji. Chuma cha kiatu kinazama badala ya kuteleza. Paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachochezewa, kinaburuza maji na kufa njiani, kwa hiyo pasi ndefu ya chini haifiki. Kukipata joto siku mbili mfululizo mechi inafutwa, na pesa ya tangazo imeshatoka. Kwa hiyo msimu mzima wa ligi hii uliweza kubanwa ndani ya wiki chache. Mtu akikuuliza kwa nini takwimu zao ni chache, mwambie ahesabu siku walizopewa.

Hoki yenyewe ilikuwa tofauti na anayocheza mwanao. Kila upande ulikuwa na watu saba badala ya sita, vipindi viwili vya dakika 30, na pasi ya kwenda mbele ilikatazwa; ulipaswa kumpa mwenzako aliye sambamba nawe au nyuma yako. Kijana aliseme hili katika wasilisho, kwa sababu wenzake watafikiria mchezo wa leo na watakosea kila kitu kingine.

Sasa kuhusu ubunifu. Mambo mawili yanatajwa daima, na uzito wake haulingani.

La kwanza ni la kipa. Kipa wa Dartmouth Jubilees, Henry Franklyn, anatajwa kwamba alikuwa akijitupa chini kwenye barafu kuzuia paki. Leo kila kipa anafanya hivyo. Wakati ule, katika ligi nyingine, kipa alitakiwa abaki wima kwa miguu yake, akianguka makusudi anaadhibiwa. NHL yenyewe ilianza na katazo hilo, ikalifuta Januari 1918 baada ya waamuzi kuchoshwa na Clint Benedict, kipa wa Ottawa, aliyekuwa "akiteleza" kila dakika kwa bahati mbaya zake. Kwa hiyo hapa mwanao ana mguu wa kusimamia: kuna kanuni iliyoandikwa, kuna tarehe ilipofutwa, na kuna kipa Mweusi anayetajwa kufanya hivyo karibu miaka 20 kabla.

La pili ni shuti. Eddie Martin wa Halifax Eurekas anatajwa kuwa aliinua gongo nyuma na kulishusha kwa nguvu kwenye paki, mwanzoni mwa karne ya 20. Tatizo ni kwamba shuti hili lina baba wengi. Wapo wanaolipa jina la Bun Cook wa New York Rangers miaka ya 1920, wengine Alex Shibicky wa timu hiyo hiyo muongo uliofuata, na Wakanada wengi wanalihusisha na Bernie Geoffrion wa Montreal miaka ya 1950. Na hakuna filamu ya Martin ya kumaliza ubishi. Kauli salama kwa mtoto ni hii: "Eddie Martin ni miongoni mwa wachezaji wa mapema zaidi wanaotajwa kwa jina kupiga shuti hili." Akisema "Weusi ndio waliolibuni," kocha atamletea Geoffrion na darasa zima litasahau yale ambayo hayana ubishi. Hasara ya kutia chumvi ndiyo hiyo.

Ligi iliisha vipi? Rudi kwenye ufunguo. Kuanzia kati ya 1900 na 1910 mvutano wa ardhi ya Africville ulipamba moto. Reli ilikuwa imeshapita katikati ya kijiji tangu karne ya 19, na sasa ilitaka nafasi zaidi. Viongozi waliokuwa wakisimamia hoki ndio hao hao, wakili Johnston na wenzake, waliokuwa sauti ya Weusi wa Halifax. Wenye viwanja wakaanza kukataa kuwakodishia, na magazeti yakapunguza kisha yakaacha kuripoti mechi. Timu isiyo na kiwanja na isiyo na tangazo haina mashabiki, na isiyo na mashabiki haina pesa ya kiwanja. Kufikia 1911 ligi ya awali ilikuwa imezimika. Johnston aliuawa mwaka 1915 katika ugomvi wa kifamilia. Vita vya kwanza vya dunia vikachukua vijana. Miaka ya 1920 timu kadhaa zilifufuka, lakini ule moto wa mwanzo haukurudi. Africville yenyewe ilibomolewa na jiji miaka ya 1960. Kanisa lake liliangushwa usiku, mwaka 1967. Meya wa Halifax aliomba radhi Februari 2010.

Kutoka hapo hadi 1958 ndipo watu wanapodhani hapakuwa na mtu. Walikuwepo. Tofauti ni kwamba mlango sasa ulikuwa wa mikataba. Tangu 1942 hadi 1967 NHL ilikuwa na timu sita tu, nafasi kama 120 duniani kote, na timu hizo ziliwafunga vijana kwa karatasi tangu ujana wao na kumiliki timu za madaraja ya chini. Sheria iliyoandikwa ya kuwakataa Weusi haikuwepo. Haikuhitajika: aliyetaka kukukataa alikaa kimya tu, asikusajili.

Mfano wa kuutazama kwa karibu ni Herb Carnegie, mzaliwa wa Toronto mwaka 1919, wazazi wake Wajamaika. Miaka ya 1940 alicheza katika ligi ya Quebec kwenye safu moja na kaka yake Ossie na Manny McIntyre wa New Brunswick, safu ya Weusi watatu katika hoki ya kulipwa. Kule Sherbrooke alichaguliwa mchezaji bora misimu mitatu mfululizo. Mwaka 1948 New York Rangers walimwita kambini. Walimpa mkataba wa timu ya chini kabisa kwa dola 2,700 kwa mwaka, akakataa. Wakapanda hadi 3,700, timu ya juu kidogo. Mwisho 4,700 kwa timu ya New Haven, hatua moja chini ya NHL. Sherbrooke walikuwa wakimlipa 5,100, na alikuwa na mke na watoto. Wako wanaosema alipaswa kukubali na kusubiri zamu yake. Mimi naona hesabu ile inasema wazi: mchezaji bora wa ligi nzima aliombwa akatwe mshahara ili apewe ahadi isiyoandikwa popote. Alirudi Quebec, na baadaye akacheza Quebec Aces pamoja na Jean Béliveau kabla Béliveau hajawa nyota wa Montreal Canadiens.

Utakutana pia na maneno yanayonukuliwa kila mahali, kwamba Conn Smythe, mkubwa wa Toronto Maple Leafs, angetoa dola 10,000 kwa yeyote atakayemgeuza Carnegie awe Mzungu. Chanzo ni Carnegie mwenyewe, aliyeambiwa na kiongozi wa timu yake ya vijana. Hakumsikia Smythe kwa masikio yake. Mwanao akiyatumia, aseme "Carnegie alisimulia kwamba aliambiwa." Carnegie alifariki 2012, na akaingizwa katika Jumba la Heshima la Hoki mwaka 2022, miaka kumi akiwa kaburini.

Tena kabla ya O'Ree kuna Art Dorrington wa Truro, aliyesaini na Rangers mwaka 1950, Mweusi wa kwanza kuwa na mkataba na klabu ya NHL. Hakupandishwa hata mechi moja. Hili huwachanganya wengi: wa kwanza kusaini ni Dorrington, wa kwanza kucheza ni O'Ree.

Willie O'Ree alizaliwa Fredericton, New Brunswick, mwaka 1935. Naye alipitia Quebec Aces. Boston Bruins walimwita kuziba pengo, akacheza dhidi ya Canadiens ndani ya Montreal, Bruins wakashinda 3-0. Msimu ule alipata mechi mbili, na 1960-61 akapata 43. Jumla 45, mabao 4. Ukizitazama namba hizo utasema mchezaji wa kawaida. Ila ongeza jambo ambalo Bruins hawakulijua: msimu wa 1955-56, akiwa Ontario, paki ilimpiga usoni na jicho lake la kulia likapoteza karibu uwezo wote wa kuona. Angesema, asingesajiliwa. Na alikuwa winga ya kushoto. Winga ya kushoto anapokimbia kuelekea goli la wapinzani, uwanja wote, pasi zote na mabeki wote wako kuliani kwake, yaani upande wa jicho bovu. Alilazimika kugeuza shingo yote juu ya bega ili aone paki inatoka wapi, huku watu wazima wenye magongo wakimjia kwa kasi. Alipokwenda Los Angeles kwenye ligi ya Western, kocha alimhamishia winga ya kulia, na mchezo wote ukawa mbele ya jicho zima. Alifunga mabao 38 msimu wa 1964-65, na 38 tena 1968-69. Jezi yake namba 22 Bruins waliistaafisha Januari 2022.

Baada yake NHL ilikaa miaka 13 bila Mweusi hata mmoja. Mwaka 1974 Washington Capitals, timu mpya iliyohitaji watu, ilimchukua Mike Marson wa Scarborough, na Desemba ya mwaka huo huo Bill Riley. Riley alitoka wapi? Amherst, ule mji wa Amherst Royals. Na Truro ya Dorrington ndiyo iliyokuwa na Victorias. Watu wa hoki hawakuondoka kwenye miji ile. Nafasi ndizo zilizoondoka.

Kuanzia hapo mambo yanakwenda mbio na mwanao atayapata kirahisi, ila kwa kuwa mko Edmonton msiwapite majirani zenu. Grant Fuhr, kipa wa Edmonton Oilers aliyetwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mara tano na kuwa mchezaji Mweusi wa kwanza katika Jumba la Heshima mwaka 2003, alikulia Spruce Grove, magharibi mwa mji wenu. Jarome Iginla, baba yake Mnigeria, alizaliwa Edmonton na kukulia St. Albert, na utotoni alikuwa akimtazama Fuhr. Mwaka 2002 alifunga mabao mawili katika fainali ya Olimpiki kule Salt Lake City. Ni mwanamume Mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki ya majira ya baridi katika mchezo wowote. Alimaliza NHL akiwa na mabao 625. Upande wa wanawake kuna Angela James wa Toronto, mabao 11 katika mechi tano za mashindano ya kwanza ya dunia mwaka 1990. Mwaka 1998, wanawake walipocheza hoki Olimpiki kwa mara ya kwanza, aliachwa nje ya kikosi, uamuzi unaobishaniwa hadi leo.

Jambo la mwisho, la kazi. Mwanao akitaka kuonyesha ushahidi badala ya kurudia maneno ya watu, akatafute magazeti ya Halifax ya wakati ule, kwa mfano Acadian Recorder, kupitia hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Nova Scotia. Asitafute kwa neno la Kiingereza tunalotumia leo kwa Weusi, hatapata kitu; atafute "colored" au "coloured" pamoja na jina la timu. Aanzie wiki ya mwisho ya Februari hadi mwisho wa Machi, miaka ya 1900 hadi 1905. Na asiamini tahajia moja ya jina: Franklyn huandikwa pia Franklin, na Sea-Sides huandikwa kwa kistari, bila kistari, au neno moja. Januari 2020 Posta ya Kanada ilitoa stempu ya kuikumbuka ligi hiyo. Kama kocha bado ana shaka, aanze kwa kumwonyesha hiyo.